Maumivu baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa ambao, baada ya kutolewa mfuko wa nyongo, hurudi hospitali na maumivu yaleyale chini ya mbavu za kulia, wakaambiwa ni vidonda vya tumbo bila hata kupimwa. Ini huendelea kutengeneza nyongo ingawa mfuko haupo, na kijiwe cha nyongo kilichosalia katika mrija uipelekao nyongo utumboni, au kilichojitengeneza humo baadaye, chaweza kuuziba. Vipimo vya damu vya ini na ultrasaundi ndivyo vya kuanzia, ijapokuwa ultrasaundi (na hili husahaulika mno) yaweza kukikosa kijiwe kidogo. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukakoza rangi, au homa ikaja na kutetemeka, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ni mimi msomaji wako.