Risala ya Kikundi cha Wake na Wajane wa Wanajeshi Wastaafu, Moshi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti,
Viongozi wetu wa dini na wa serikali za mitaa,
Wazee wetu wastaafu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, karibu sana Moshi, na asante kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianza kama vikoba. Tulikutana kununua hisa na kukopeshana, basi. Kilichotufungua midomo ni marejesho. Mwenzetu mmoja alichelewesha mkopo, nasi tukamjia juu kweli kweli, mpaka aliposema cherehani aliyokuwa akitafutia hizo fedha imevunjwa na mume wake, na mkono pia nusura uvunjike. Mume huyo alilinda amani nje ya nchi, na majirani wote wanamsifu kwa upole. Siku hiyo hatukugawa mikopo. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema.

Mji huu vita unavijua. Machi 1979 Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin walikutana hapa hapa Moshi kupanga serikali yao, huku vijana wetu wakiwa bado mstari wa mbele katika Vita vya Kagera. Miongoni mwao walikuwamo mgambo wengi, waliotolewa shambani na kurudishwa shambani. Baadaye wadogo zao na watoto wao wakaenda Darfur, ambako walinzi wetu wa amani 7 waliuawa katika shambulio la Julai 2013, na Kongo, ambako kambi ya Semuliki ilivamiwa Desemba 2017. Waliokufa tunawakumbuka kila tarehe 25 Julai. Aliyerudi na viungo vyote tunampokea kwa vigelegele, na tunamhesabu kuwa mzima.

Lakini wapo waliorudi na jeraha lisiloonekana, na madaktari wana jina la hali hiyo: msongo baada ya kiwewe. Uliingizwa katika orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980, na waliopigana Vietnam walichangia sana kuupigania utambuliwe. Mwili wa askari ulijifunza kwamba anayechelewa kushtuka anakufa. Vita vimekwisha, lakini mwili haujaambiwa. Mtu halali vizuri, anakaa akitazama mlango, ndoto zinamrudisha kule kule, na hasira inawaka kabla akili haijafika. Hasira hiyo ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wenyewe.

Huku kwetu milimani, Mheshimiwa, parachichi likidondoka juu ya bati usiku, mtoto anageuka upande wa pili na kuendelea kulala. Mume wa mwenzetu mmoja huwa tayari amesimama na panga. Mama huyo amejifunza kutomgusa akiwa usingizini. Akitaka kumwamsha, anasimama miguuni pa kitanda na kumwita kwa jina lake la utotoni, maana akimwita Baba Fulani haitiki. Hakuna aliyemfundisha. Amejifunza kwa kupigwa.

Tusieleweke vibaya. Wengi wenye ugonjwa huu hawampigi mtu. Wanajitenga tu na kunyamaza. Na wanaume wapigao wake zao mjini hapa, wengi hawajawahi kushika bunduki. Lakini uhusiano upo. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu wanajeshi karibu 14,000 wa Uingereza, wa kipindi cha vita vya Iraki na Afghanistan, ulionyesha kuwa makosa ya kutumia nguvu yaliwaandama zaidi wale waliorudi wakazama kwenye ulevi, na wenye dalili za kiwewe, hasa zile za mwili kukaa macho muda wote. Hapo kwenye ulevi hatukuhitaji mtafiti. Mzee anaanza na mbege ili apate usingizi, anahamia gongo, na usingizi wenyewe haupati.

Wapo wanaotuambia amerogwa, au damu alizomwaga zinamdai. Wazee wa ukoo wakitaka kufanya maombi au tambiko, hatuwazuii, ila na hospitali aende. Na wapo wanaotuambia tuvumilie kwa sababu ni mgonjwa. Hili tumelikataa kwenye kikao na tukaliandika kwenye katiba yetu: mgonjwa atauguzwa, na mama mwenye watoto ataondoka nyumbani usiku huo huo kwenda kwa mwanakikundi wa karibu, bila kuulizwa maswali. Nauli inatoka mfuko wa jamii. Panga na shoka tumekubaliana zisilale ndani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugonjwa huu unatibika. Kuna tiba ya mazungumzo, ambapo mtu huongozwa kulisimulia tukio lile mpaka lipungue makali, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, na kuna dawa. Tatizo letu ni mlango. Mzee aliyewahi kuamrisha kikosi hawezi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili huku shemeji yake anapita na mfuko wa ndizi. Atasema anaumwa kichwa, atapewa panadoli, atarudi nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba siku moja kwa mwezi, mtaalamu wa afya ya akili atoke hospitali aje kwenye ukumbi wa kata, awaone wastaafu na familia zao kwa jina la kliniki ya wastaafu. Tunaomba maofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi wafundishwe kumuuliza mtuhumiwa kama alipita jeshini, ili pamoja na sheria apelekwe kwa daktari. Tunaomba pia cherehani nne. Hizi tuko tayari kuzilipa kidogo kidogo.

Baada ya risala hii, mmoja wa wazee wetu, aliyepigana Kagera, amekubali kusema maneno machache. Hajawahi kuyasema hadharani, hata mbele ya watoto wake. Tunakuomba, pamoja na ratiba yako, usiondoke kabla hajamaliza.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi