Risala ya Klabu ya Michezo kwa Mgeni Rasmi: Ushindi wa Uwanjani na Umoja wa Taifa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa klabu ya michezo tunakushukuru kwa kukubali kuja kutukabidhi vikombe. Tumeona risala yetu ya leo ijikite katika jambo moja: namna ushindi wa uwanjani unavyoweza kuwapa wananchi fahari na kuwafanya wajione kuwa wamoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fahari huja upesi. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, akapita penye mnara wa Aksum ambao Waitalia waliuchukua kutoka nchini mwake walipoivamia, akamaliza wa kwanza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Katika mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikipata uhuru, medali ile ilihesabiwa kuwa ya bara zima.

Umoja ndio mgumu. Nchini Afrika Kusini, jezi ya kijani ya timu ya raga, Springboks, ilikuwa kwa Waafrika wengi alama ya ubaguzi, na wengi wao walizoea kuishangilia timu yoyote iliyocheza dhidi yake. Tarehe 24 Juni 1995, siku ya fainali ya Kombe la Dunia, Rais Nelson Mandela aliingia katika uwanja wa Ellis Park akiwa amevaa jezi hiyohiyo, yenye namba 6 mgongoni, namba ya nahodha François Pienaar. Watazamaji, wengi wao wakiwa Wazungu, wakaanza kuliita jina lake kwa sauti moja. Mchezo ulikwenda hadi muda wa nyongeza, na mkwaju wa Joel Stransky ukawapa wenyeji ushindi wa pointi 15 kwa 12 dhidi ya New Zealand. Kwa maoni yetu, kama Mandela angebaki nyumbani siku ile, kombe lingeweza kupatikana vilevile, ila lingebaki kuwa la upande mmoja.

Miaka 10 baadaye, mwezi Oktoba 2005, Côte d'Ivoire iliifunga Sudan mabao 3 kwa 1 na kufuzu Kombe la Dunia la soka kwa mara ya kwanza, huku nchi ikiwa imegawanyika, waasi wakishika kaskazini na serikali kusini. Wakiwa bado katika chumba cha kubadilishia nguo, mshambuliaji wao Didier Drogba alishika kipaza sauti, akapiga magoti pamoja na wenzake mbele ya kamera, akawasihi wananchi wasameheane na kuweka silaha chini. Juni 2007, baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, timu hiyo ilikwenda kucheza Bouaké, ngome ya waasi, ikaifunga Madagascar mabao 5 kwa bila. Hatudai kwamba mpira ndio uliomaliza vita, kwani baada ya uchaguzi wa 2010 damu ilimwagika tena. Hata Ufaransa, iliyoshangilia mwaka 1998 Kombe la Dunia la soka lililoletwa na wachezaji wa asili mbalimbali, ilimwona Jean-Marie Le Pen, mpinzani mkubwa wa wahamiaji, akiingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais mwaka 2002.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunachojifunza ni kwamba shangwe hufungua mlango kwa siku chache tu, na wenye kauli, wakiwamo wachezaji wenyewe, ndio wanaopaswa kuutumia kabla haujafungwa. Nahodha anayewakejeli walioshindwa huupoteza wasaa huo, hata akiwa amefunga mabao yote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kuwashawishi waandaaji wa mashindano ya shule waweke angalau mchezo mmoja ambao timu zake huundwa kwa kuchanganya wanafunzi wa shule tofauti, ili tuzoee kushinda pamoja na watu tusiowajua. Pili, fainali za wasichana zichezwe siku moja na za wavulana, katika uwanja uleule na mbele ya watazamaji walewale, kwa sababu timu ya taifa ni yao pia.

Tunaomba kuwasilisha.