Matokeo yaleyale mara 10 si uthibitisho

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanafunzi wa utafiti wanaojifunza ns-3, programu huria ya kuiga mitandao ya kompyuta inayotolewa bure tangu 2008. Nilipoanza kuitumia, niliendesha jaribio langu mara 10, nikafurahi kuona matokeo yanalingana hadi desimali ya mwisho. Kumbe programu hiyo, usipoiagiza vinginevyo, huanza na mbegu ileile ya namba za nasibu, yaani thamani ya kuanzia inayoamua mfululizo wa namba hizo, na kwa kuwa sikubadilisha namba ya mzunguko, inayochagua mfululizo mwingine, nilikuwa nikirudia jaribio moja tu. Msimbo wa programu hiyo, wa lugha ya C++, uko wazi, hivyo anayetilia shaka muda wa kuchelewa kwa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) aufungue ausome mwenyewe, ingawa, nakiri, siku za mwanzo huchosha.

Mtafiti wa mitandao