Kulia kwa anayekwenda wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita mlitoa makala kuhusu safari za meli za kitalii, na mwandishi akawashauri wasomaji wakate chumba cha upande wa kulia kwa kuwa ndiko kwenye mandhari nzuri. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali alipoandika ni kulia kwa anayetoka wapi kwenda wapi. Sikupaona. Ushauri wa namna hiyo niliwahi kuufuata, na aliyeumia ni mama yangu mzazi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Agosti 2014 nilimsafirisha mama kwa MV Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi Kasanga, kusini mwa ziwa, kwa mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko. Mama alikuwa na miaka 78, ana pumu, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia. Alikuwa na ombi moja tu. Alizaliwa Karema, kijiji cha ufukweni mwa ziwa hilo, akaondoka akiwa mwari, na maisha hayakumpa nafasi ya kurudi. Hakukuwa na ndugu aliyebaki wa kumpokea, na kushuka kutoka melini kuingia kwenye boti la mbao, kwa magoti yale, lilikuwa jambo lisilowezekana. Alitaka aione tu kutoka majini. Aliniambia, "Baba, unilaze mahali nitakapoiona. Hata kama nitakuwa sina nguvu ya kuamka."

Tiketi nilikata kwa wakala mmoja mjini. Simtaji, kwa sababu sitaki kumharibia riziki yake. Nilimweleza habari ya Karema yote, akanisikiliza huku anaandika risiti ya mtu mwingine. "Mwalimu, chumba ni chumba," akasema. "Vyote vina dirisha." Nilipozidi kumwuliza, akanishauri nichukue cha kulia, eti wageni wote wanakigombania kwa ajili ya kuona jua likizama. Nikalipa. Nimefundisha jiografia miaka 31, ramani ya ziwa lile naweza kuichora nimefumba macho, lakini siku ile sikusimama hata dakika moja kuifikiria. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu na naikubali.

Maana hesabu yenyewe ni nyepesi. Ziwa Tanganyika limelala kaskazini hadi kusini, urefu wa kilomita 673. Ukitoka Kigoma kushuka kusini, Tanzania iko kushoto kwako safari nzima na Kongo iko kulia. Karema ni kushoto. Mama nilimkatia chumba cha kutazama Kongo.

Tukaanza kuyaonja hayo kabla hata milima ya Kigoma haijapotea. Sisi wa Kigoma saa zetu zinasoma sawa na za watu wa Dar es Salaam, lakini tuko mbali mno magharibi, na jua letu huzama kama dakika 40 baada ya lao. Mwezi Agosti linazama karibu na saa moja kamili. Meli iling'oa nanga saa kumi alasiri. Kwa hiyo ubavu wa kulia ulipigwa na jua la uso kwa uso kwa saa tatu, na ubavu wa meli ni chuma. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa hauguswi. Nililowesha khanga ya mama nikaitundika dirishani, ikakauka kabla hatujamaliza chupa ya chai. Tena Agosti ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, na meli inayokwenda kusini unaipiga omo, yaani mbele, na ubavu wa kushoto. Mabaharia wa majahazi ya pwani wana maneno mawili mazuri kwa jambo hili: joshini ni upande unaopigwa na upepo, demani ni upande uliokingwa. Sisi tulikuwa demani. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, anavuta pumzi moja moja kama mtu anayepanda mlima. Nilimpa dawa yake mara mbili. Jua lilipozama, watu walisimama kwenye sitaha nje ya dirisha letu wakipiga picha, na kweli lilikuwa jekundu, limetanda juu ya milima ya Kongo. Mama hakugeuka kulitazama.

Nitasema na haki ya upande ule, maana upo. Usiku tulilala. Liemba ilikuwa inasimama katikati ya maji kwenye vijiji vingi ambavyo havina gati, na maboti yanatoka ufukweni kuifuata, yamejaa abiria, magunia, kuku, madumu ya mawese. Yanatoka bara, kwa hiyo usiku ule mengi yalibanana ubavu wa bara. Tulipofika Lagosa usiku mkubwa, kelele zote zilikuwa kushoto: watu wanaitana kwa majina, mtoto analia anapopokewa mkono kwa mkono, winchi ya mbele inaguna. Abiria waliokuwa wamelipia vyumba vya kushoto ili waione milima ya Mahale hawakulala, na Mahale hawakuiona. Mlima Nkungwe, kilele cha Mahale, una mita 2,462, lakini gizani ni giza juu ya giza. Walichokiona ni tochi na taa za wavuvi wa dagaa. Kwa hiyo hata aliyechagua upande ulio sahihi alikosa, kwa kuwa hakuuliza meli itapita pale saa ngapi. Upande bila ratiba ni nusu ya jibu.

Asubuhi, baada ya Ikola, nilitoka kutafuta benchi la kumkalisha mama kwenye sitaha ya kushoto. Hapakuwa na nafasi. Magunia na watu waliolala juu ya magunia. Dada mmoja mfanyabiashara wa mawese, aliyekuwa na chumba mkabala na chetu, akaniuliza nahangaikia nini. Nikamweleza. Akaingia chumbani kwake, akakunja shuka, akaondoa begi kitandani, akasema, "Mlete bibi. Mimi nimeshaliona ziwa hili vya kutosha." Hakutaka senti.

Karema tuliifikia mchana. Mama alikaa upande wa dirisha, kioo kikiwa na ukungu na mafuta ya mikono ya watu. Alichukua pindo la khanga yake, akalitemea mate kidogo, akafuta duara dogo kama sahani ya kikombe. Kisha akaweka jicho pale. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kusi lilikuwa linaingia kwa juu ya dirisha na pumzi yake ilikuwa imetulia. Ndipo akaanza kunionyesha kwa kidole, polepole, kama mwalimu ubaoni: pale ndipo walipokuwa wakianika dagaa, pale njia ya kwenda misheni, pale ndipo kaka yake alipojifunza kupiga kasia. Mimi niliona ufuko, miti na mabati yanayong'aa. Yeye aliona yote. Maboti yalipomaliza kupakua na honi kupigwa, akageuza mwili mzima pamoja na shingo kuifuata Karema mpaka ikafichwa na ukuta wa chumba.

Sasa, Mhariri, angalia yaliyotokea wakati wa kurudi. Nilikata tiketi mapema nikiwa nimeapa kutorudia kosa, nikapewa chumba namba ile ile ya kwenda. Nilitaka kugoma. Mdogo wangu, ambaye hakusoma jiografia kunishinda, akacheka akasema, "Kaka, si meli imegeuka?" Ni kweli. Kulia kwa anayekwenda kusini ni Kongo. Kulia kwa anayerudi kaskazini ni Tanzania. Chumba ni kile kile, dirisha ni lile lile, lakini jua la alasiri sasa liko upande wa pili. Hilo ndilo mwandishi wenu aliloliacha. Mtu akikuambia chumba cha kulia ndicho kizuri bila kukuambia meli inaelekea wapi, hajakuambia kitu.

Kanuni hii haihusu Liemba peke yake. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti anaipata Shangani na Forodhani, mitaa ya Mji Mkongwe, upande wa kulia anapokaribia bandari ya Malindi. Akirudi, mji huo huo uko kushoto. Norway, ambako meli za pwani hupanda kutoka Bergen hadi Kirkenes, bara liko kulia kwa anayekwenda na kushoto kwa anayerudi. Mwanza kwenda Bukoba ni safari ya usiku, kwa hiyo hapo mimi singejali upande. Ningeuliza injini iko wapi. Na kwenye zile meli kubwa za vyumba zaidi ya elfu moja, mara nyingi namba shufwa ziko ubavu mmoja na namba witiri ubavu wa pili, lakini kila kampuni ina utaratibu wake. Usikisie, dai ramani ya meli kabla ya kulipa.

Nimeona niliseme hili pia, kwa kuwa makala yenu ilizungumza kana kwamba meli za maana ni za wageni tu. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, injini zake wamezipaka grisi; Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina hili tulilolizoea. Kiwanda kile kile cha Papenburg leo kinaunda meli za kitalii za aina mliyoiandika. Ni ukoo mmoja. Na bibi wa Karema anastahili kuulizwa anataka dirisha la upande gani sawasawa na mtalii.

Ombi langu kwa mawakala wa tiketi, wa ziwani na wa baharini, ni dogo. Dirishani pabandikwe karatasi moja yenye mchoro wa meli: vyumba na namba zake, ubavu wa bara na ubavu wa maji kwa kwenda, na kwa kurudi; winchi ilipo; injini ilipo; na saa ambazo meli hutarajiwa kupita kila kituo. Kisha karani aulize swali moja kabla ya kuandika risiti: unataka kuona nini, au unataka kulala? Mwenye pumu aambiwe jua la alasiri litakuwa wapi na upepo utatoka wapi.

Mama alifariki miaka mitatu baada ya safari ile. Ile khanga ninayo, na penseli ninazo. Wakala yeyote wa Kigoma anayeutaka mchoro huo aniulizie Ujiji, nitamchorea wa kwenda na wa kurudi, bila malipo.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma