Shogangu, hiyo bure ya huko kwenu nani alipa?

Shoga yangu wa Brooklyn,

Salaam aleikum, watoto wazima? Sie huku alhamdulillahi, joto tu na stima za kupotea potea. Ile vidio yako ya tamasha la bure kwenye bustani ya Prospect Park nimeiona na nimeirusha kwa grupu la kina mama, wote wakauliza kitu kimoja, kiingilio pesa ngapi? Nikawaambia hakuna kiingilio, tamasha hilo lipo tangu 1979 na watu wajiingilia tu na mikeka yao. Wakacheka wakasema basi hapo nyuma lazima pana mwanasiasa hahaha. Ndo tulipofika huku.

Sasa wewe waniuliza mbona Mama Ngina, bustani yetu ya kando ya bahari hapa Mombasa, haina mambo kama hayo, na mahali penyewe pazuri vile. Pazuri kweli, tangu ile 2019 walipopatengeneza na Mashujaa Dei ikafanywa pale, Jumapili jioni huoni pa kukaa. Ukuta mzima umejaa watu, viazi karai na mihogo na madafu na mabuyu, watoto mdomo mwekundu kama wamepaka rangi, na meli kubwa zaingia Kilindini zapita mbele ya macho yako. Yaani watazamaji washakuja wenyewe, hukuwaita wala hukubandika posta. Kilichobaki ni mtu wa kuwapigia ngoma, na wapigaji tuko tele, hapo ndo maneno yaanza.

Manake kila mtu huku apenda hiyo bure mpaka aulizwe nani ailipe, halafu wote wamgeukia msanii. Mwaka jana tuliitwa na ofisi moja, siitaji, shughuli ya bure kwa umma. Tukaenda na kikundi chote. Tumefika, tenti za maana, viti vimevalishwa vitambaa na riboni nyuma, maji ya chupa meza kuu, spika za kuzibua masikio. Vyote hivyo vimekodiwa na vitalipwa kwa risiti. Sie tukaambiwa hii ni nafasi yenu mjulikane. Mjulikane! Mzee wetu wa nzumari, yule wa Likoni wamkumbuka, kaja na nzumari yake ameiviringa kwenye leso, ule mdomo wa nzumari kaufunga kitambaa mbali usije ukavunjika, kapiga tangu alasiri jua limemkaza usoni mashavu yamevimba, na jioni ndo katumiwa mia tatu kwa M-Pesa ati nauli. Hakusema kitu, kaisoma ile meseji kaiweka simu mfukoni. Mie ndo nilosema na nilisema sana mpaka shemegi yako akanivuta mkono.

Na huyo mzee alivyorudi kwao alipanda feri, na feri wajua mtu wa miguu halipi. Asubuhi na jioni maelfu wavuka Likoni bila kutoa senti, na hakuna hata siku moja aliyemwambia yule nahodha avushe watu bure apate kujulikana, mshahara wake uko pale pale na mafuta yalipwa na serikali. Sasa mbona ngoma isiwe hivyo? Abiria asilipe, nahodha alipwe. Mie sitaki zaidi ya hapo.

Serikali ikikataa kulipa, hatubaki bila mlipaji, huja mwingine. Ama huja kampuni na mabango yake, na nusu ya shughuli ni kutangaziwa bidhaa (nyengine huwezi hata kumpeleka mama yako), ama huja mheshimiwa. Na huyu uchaguzi wa 2027 ukikaribia utamuona kila uwanja, Tononoka yeye, Makadara yeye, na pesa zake hutoka kweli tena taslimu. Lakini akishakulipa wewe beti zako zote zampigia yeye, ushairi wote wa Mvita ule wa kujibizana na kutiana pilipili wageuka kumwambia mtu mmoja asante. Mji alioutungia Muyaka! Pesa ya umma ni ya wote kwa hiyo hakuna wa kusifiwa, hapo ndo mie naipendea.

Halafu nimesoma stori ya huko kwenu sijui kama waijua, ya Joseph Papp. Alikuwa akionyesha michezo ya Shakespeare Central Park watu waingia bure, mwaka 1959 mkuu wa bustani za jiji, Robert Moses, akamkazania lazima atoze kiingilio, sababu ati watu wakanyaga nyasi na kuzipanda tena ni gharama. Nyasi shoga! Papp akagoma, wakafikishana kortini, akashinda kwenye rufaa, na 1962 pakafunguliwa ukumbi wa wazi pale pale, Delacorte, tiketi mpaka leo bure. Nilicheka sana manake hata sie tushaambiwa maua yatavunjwa, na mbuzi washayala zamani.

Huku kwetu hata korti hatuhitaji. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, tena na bustani na fukwe humo humo. Si hisani, ni kazi yao. Tatizo sie wenyewe twaenda mikutano ya bajeti ile ya mwisho, makadirio yashaandikwa (30 Aprili ndo mwisho wa kuyapeleka bunge la kaunti) na mwaka wa pesa waanza 1 Julai, ukisimama ukasema ngoma wanakuandika daftarini, wanakushukuru, unakunywa soda unarudi nyumbani. Mambo yaanzia kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, na huo sheria yasema uwe ushafika bunge la kaunti 1 Septemba. Kisichokuwa mule kukiingiza baadae ni kazi. Kwa hiyo mwaka huu twaanza kumsumbua MCA wetu, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, mapema, mie na wale wa kayamba na vijana wa maigizo.

Na hatumwendei na tamasha la wiki nzima lenye jukwaa la taa, hilo litaliwa na wenye matenti. Twataka kidogo kidogo, Jumapili moja kila mwezi, baada ya alasiri na tumalize kabla ya adhana ya magharibi, taa hazihitajiki, mama mwenye watoto arudi kwake kungali mwanga, spika mbili na jenereta ndogo zatosha na pesa ilobaki iende kwa wachezaji siku hiyo hiyo. Na isiwe Mama Ngina peke yake. Mtu wa Jomvu akipakia watoto watatu matatu kuja kisiwani na kurudi, hiyo bure yake iko wapi? Changamwe nao, Kisauni nao, Likoni nao, kila mmoja apelekewe kwake.

Najua watakavyotujibu, zahanati hazina dawa nanyi mwataka ngoma. Hilo swali halinitishi lakini lauma manake ni kweli dawa hakuna, mamangu mwenyewe presha twamnunulia nje. Ila ngoma hazijapata pesa miaka yote hii na dawa bado hazikuja, kwa hiyo sio sisi tulozila.

Kitu kimoja ndo kinanisumbua, na hapa nakuhitaji. Kaunti hata ikikubali italipa vipi? Wataka pini ya ushuru ya KRA, akaunti ya benki, cheti cha kikundi, ujiandikishe kwa tenda, halafu usubiri malipo mpaka usahau. Oganaiza mwenye ofisi aweza kusubiri, mzee wa nzumari je? Nimesikia huko New York pesa za jiji za vikundi vidogo hupitia mabaraza ya sanaa, kila upande wa mji una lake, na hata msanii mmoja aweza kuomba. Hebu nenda hapo kwenu Brooklyn uwaulize fomu yao yataka nini, na kama wapewa pesa kabla ya shughuli ama baada. Hiyo ya kabla na baada usisahau, ndo hasa nilokuandikia.

Ukiipata ipige foto nitumie WhatsApp, imeili sifungui wajua. Mamangu akusalimu, asema zile dera ulizoagiza zishashonwa zasubiri mtu wa kuja huko.

Wako wa Mvita