Yule mama asikimbilie kuchomwa na baridi

Bwana mhariri, jambo sana.

Nimesoma barua ya yule mama wa Ibanda, hapa Bukavu, mwenye vinundu vidogo vyeusi kwenye mashavu, na majibu aliyopewa: mmoja kamwambia avichome na baridi, mwingine apake krimu ya kutoa rangi, mwingine lazeri. Siwezi kunyamaza sababu yaya yangu, dada yangu mkubwa, alivipita hivyo vyote na alama ziko usoni mpaka leo.

Vile vinundu, kama mbegu za lengalenga hivi, waganga wa ngozi wanaviita dematozi papuloza nigra, ni vya sisi watu weusi, vinatembea na familia, mama alikuwa navyo, bibi alikuwa navyo, na havina hatari yoyote. Ukiviacha, vitakaa tu.

Sasa ile baridi. Ni azoti (nitrojeni) ya maji, digrii 196 chini ya sifuri, na kwa mzungu inafanya kazi vizuri, lakini zile seli zinazotengeneza rangi ndizo zinakufa mbele ya zingine zote. Kwa ngozi yetu kinundu kinaanguka, na mara nyingi pahali pake panabaki peupe. Yaya walimchoma kumi na viwili siku moja, hakuna aliyemwambia wajaribu kwanza kimoja pembeni pasipoonekana, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka sasa.

Krimu nayo, jamani, hidrokinoni, ile dawa iliyo ndani yake, inazuia rangi kutengenezwa, haikati nyama! Inaweza kusaidia doa la bapa, ila kinundu hakiendi popote, na ukipaka miaka na miaka ngozi inaweza kugeuka bluu-nyeusi, na kuiondoa hiyo ni kazi ngumu. Ulaya waliitoa kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi tangu 2001, huku Kadutu unaikuta mezani karibu na sabuni, na mara nyingi hata hawaandiki imo kiasi gani.

Kwa vinundu, nilichoona kinafaa ni muganga anayejua ngozi nyeusi avichome kidogo kidogo na sindano ya umeme, moto mdogo kabisa, ao avikate na mkasi mdogo. Lazeri pia iko, ile ya mwanga wa nanomita 1064 inapita chini bila kuunguza sana rangi ya juu, lakini ni ya bei na mkono mbaya unaharibu vilevile. Na kisha jua: tuko karibu mita 1500 juu, upepo wa ziwa unatudanganya hakuna jua, kumbe kidonda kibichi kikipigwa na jua kinabaki cheusi miezi mingi.

Ila doa jeusi linalokua chini ya mguu ama ndani ya ukucha, hilo linaweza kuwa kansa, si la krimu wala la kungoja, mwenye nalo aende hospitali wiki hiyohiyo.

Mhariri, naomba mutafute muganga wa ngozi hapa Bukavu atujibu kwenye ukurasa wa afya: sindano ya umeme inapatikana wapi, na kwa dola ngapi? Yule mama anangojea, na yaya pia, sababu upande wa kushoto hawajamgusa bado.

Msomaji wenu, Kadutu, Bukavu