Barua kwa mwanangu: anza na nyasi, vita baadaye

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ni nani aliyeanza vita vile tisa vya mpakani huko Afrika Kusini, vya 1779 hadi 1879, kati ya Waxhosa na Makaburu, kisha Waingereza. Swali hilo litakulia wiki nzima bure. Maadamu uko hukohuko Makhanda, anza na nyasi.

Nchi iliyo magharibi ya mto Fish, Makaburu waliiita Zuurveld, yaani malisho ya nyasi chachu. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, nyasi hizo huwa laini na ng'ombe hunawiri. Baada ya miezi minne hivi hukakamaa, utamu wote ukarudi mizizini. Ng'ombe akiachwa hapo hukonda tumbo likiwa limejaa, na mwisho hutafuna mifupa kwa kukosa madini. Nyasi tamu ziko mabondeni, kando ya mito. Hizo hulisha mwaka mzima, ila zikilishwa kupita kiasi hazirudi upesi. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili huhamisha kundi: miezi ya joto juu kwenye nyasi chachu, miezi ya baridi mabondeni.

Kaburu naye alikuwa mfugaji, na mahitaji yake yalikuwa yaleyale. Shamba alilokodishiwa na Kampuni ya Kiholanzi, iliyotawala Cape, lilipimwa kwa farasi: unasimama katikati, unamtembeza farasi taratibu nusu saa kila upande, unapoishia ndipo mpaka. Ni karibu hekta 2,500, kwa kodi ya riksdola 24, fedha ya wakati huo, kwa mwaka. Na kila kijana aliyeoa alitaka lake. Sasa, mwaka 1780 serikali ya Cape ikatangaza kwamba mto Fish ndio mpaka wake na Waxhosa. Kwenye ramani ulikuwa mstari safi. Kwa mwenye ng'ombe, ulimtenga na nusu ya mwaka wake wa malisho. Mwaka uliofuata kamanda Adriaan van Jaarsveld aliwatupia watu wa imiDange, ukoo wa Kixhosa, tumbaku, na walipokuwa wakiigombania akaamuru wapigwe risasi.

Hapa usiruke: kanuni ya nyayo. Mwaka 1817 gavana wa Kiingereza, Charles Somerset, alimbana Ngqika, chifu wa Kixhosa, aikubali. Mlowezi akiibiwa ng'ombe, anatoa taarifa kwenye kituo cha jeshi. Doria inafuata nyayo hadi ng'ambo ya mpaka. Boma ambako nyayo zinaishia linalipa fidia, hata kama ng'ombe wenyewe hawaonekani humo. Inasikika kama haki, sivyo? Basi hesabu matundu yake. Nyayo hufutika kwenye mwamba na kwa mvua, na mwizi anayejua kazi yake hupitisha mifugo karibu na boma la mtu mwingine. Idadi ya walioibiwa ilitoka kinywani mwa mlalamikaji mwenyewe. Ng'ombe wa walowezi wengi walichungwa ovyo au hawakuchungwa kabisa, kwa hiyo waliopotea tu nao waliweza kuandikwa wameibwa. Zaidi ya yote, Waingereza walimfanya Ngqika awajibike kwa machifu ambao hawakuwa chini yake, akiwemo ami yake Ndlambe. Kila doria ilirudi na ng'ombe na kuacha nyuma vijana wenye sababu ya kwenda kuiba. Desemba 1834 doria ya namna hiyo ilimjeruhi Xhoxho, mtoto wa Ngqika na mdogo wa chifu Maqoma, na siku chache baadaye vita vya sita vikawaka.

Katika vita hivyo Hintsa, mfalme wa Wagcaleka, tawi la Waxhosa, aliingia kambini mwa Waingereza kuzungumza amani, akazuiliwa. Alidaiwa ng'ombe 50,000 na farasi 1,000. Tarehe 12 Mei 1835 alipigwa risasi akijaribu kutoroka, na maiti yake ikakatwa masikio. Waxhosa hawajalisahau.

Mapigano yenyewe yasome kwa jicho la mchukuzi. Jeshi la Uingereza lilibebwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na gari moja lilihitaji ng'ombe kumi na wawili au zaidi. Ng'ombe hao nao lazima wale na wanywe, kwa hiyo ukame ulilisimamisha jeshi kabla ya adui. Aprili 1846, karibu na Burnshill, msafara wa magari zaidi ya 100 ulijivuta kwenye njia nyembamba. Waxhosa waliushambulia katikati, wakapora makumi ya magari. Linganisha na 1819: nabii wa Kixhosa Nxele aliwaleta wapiganaji maelfu mchana kweupe, uwanda wazi, mbele ya mizinga ya mji huohuo unaokaa. Maqoma alijifunza. Katika vita vya nane, 1850 hadi 1853, alikaa kwenye misitu na majabali ya Waterkloof, na kumtoa humo kuliwachukua Waingereza muda mrefu mno. Usiandike pia kwamba ilikuwa weusi kwa weupe. Wamfengu, Waafrika weusi pia, walipigana upande wa Waingereza, na Wakhoi wengi wa bonde la Kat waliokuwa askari wao waliasi 1851.

Halafu homa ya mapafu ya ng'ombe. Iliingia 1853 kupitia Mossel Bay, na mafahali walioletwa kutoka Uholanzi. Bila ugonjwa huo, unabii wa 1856 wa msichana Nongqawuse, uliowataka Waxhosa wachinje ng'ombe wao, haueleweki: aliyeambiwa achinje alikuwa tayari anawaona ng'ombe wake wakifa zizini. Walichinjwa ng'ombe wapatao 400,000, na watu wapatao 40,000 wakafa njaa. Gavana George Grey aliwapeleka walionusurika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, akagawa ardhi yao.

Jambo dogo: vitabu vya zamani vitakuandikia "Vita vya Makafiri". Ni neno letu hilihili, lenye asili ya Kiarabu, ila huko limekuwa tusi la rangi, na kisheria linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Usilitamke hata kwa mzaha.

Mwezi wa sita ukipata nafasi, nenda hadi mto Fish. Chuma nyasi za mlimani na za bondeni, uzivunje mkononi. Uniandikie zipi zilikatika kama kijiti.

Mama yako